Malaria haikupanda kichwani

Mtu akianza kuweweseka huku kwetu Kilimanjaro, jibu huwa tayari kabla ya swali: malaria imepanda kichwani. Jirani wa Kibosho husema hivyo, muuza duka la dawa wa Majengo husema hivyo, na mara nyingine mhudumu wa afya naye huitikia. Mgonjwa anapewa dawa ya malaria. Akipona, ilikuwa malaria. Akifa, malaria imemuua. Aliyepima hayupo.

Maoni yetu ni kwamba jina hilo, likitolewa bila kipimo, linaua watu. Na si sisi wa kwanza kulitilia shaka. Limekwisha kukanushwa na utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, katika wodi ambamo wasomaji wetu wamewalaza watoto wao na wazazi wao.

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti wakiongozwa na Profesa John Crump waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Watoto walikuwa 467, vijana na watu wazima 403. Wagonjwa 528 kati yao, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa kwamba wana malaria. Majibu ya maabara yalipokamilika, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Ni asilimia 1.6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na tunaomba msomaji ayasome mara mbili kabla hajaendelea.

Wengine waliugua nini? Bakteria kwenye damu, brusela, homa ya Q, na leptospirosisi, ile ambayo Wizara ya Afya iliiita Homa ya Mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022. Wagonjwa 55 kati ya 700 waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu walikuwa na chikungunya, ugonjwa ambao dunia iliutambua kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, kwenye uwanda wa Makonde, mwaka 1952. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye dawa ya malaria ingemponya.

Utafiti ule ulihusu homa kwa jumla. Lakini miaka michache kabla yake, Hugh Reyburn na wenzake waliangalia wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Miongoni mwa wagonjwa wa malaria kali wamo hao tunaowaona wamepoteza fahamu, wanarusha miguu, hawamtambui mama yao. Chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea kwenye damu. Utafiti huo ulitoka mwaka 2004. Tangu hapo kipimo cha haraka cha malaria kimefika hadi zahanati za vijijini, na tunaishukuru Serikali kwa hilo. Mazoea ya ulimi, hata hivyo, hayajabadilika. Kipimo kikisema hakuna malaria, bado tunasikia: imejificha.

Tusieleweke vibaya. Malaria ya ubongo ipo, na inaua watoto. Anayeishi tambarare za Kahe au Mabogini, au aliyerudi juzi kutoka Handeni au Geita, apimwe malaria mara moja na atibiwe bila kuchelewa. Tunachokataa ni kuifanya malaria jibu la kila kichwa kilichovurugika, hasa kwa mtu wa Marangu ya juu au Machame ya juu, ambako baridi yenyewe humnyima mbu nafasi.

Sasa tuseme wazi ni nini kinachofichwa na jina hilo. Ubongo na mishipa ya fahamu vina maadui wengi, na baadhi ya walio wabaya zaidi ni virusi. Hapa Moshi tumekuwa na bahati ya kuwa na mtu aliyeyatafiti hayo kwa miaka mingi: Dkt. William Howlett, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu kutoka Ireland, aliyefanya kazi KCMC. Mwaka 1989, wakati nchi nzima ikihangaika na UKIMWI bila dawa, yeye na wenzake wa KCMC walichapisha utafiti kuhusu madhara ya ugonjwa huo kwenye mfumo wa fahamu kwa wagonjwa wa kanda ya kaskazini. Wakati huo wengi walijua kukonda, kuharisha na kikohozi. Utafiti wao ulionyesha kwamba VVU havishambulii kinga peke yake. Vinaingia kwenye ubongo, mtu akawa mzito wa kufikiri na msahaulifu. Vinadhuru uti wa mgongo na miguu ikakosa nguvu. Vinagusa mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, nyayo zikawaka moto usiku kucha.

Yako mambo mawili katika eneo hilo ambayo kila familia inapaswa kuyajua. La kwanza ni uso kupinda ghafla upande mmoja, jicho likagoma kufumba, mate yakatoka pembeni ya mdomo. Mtaani mtu huyo huambiwa amerogwa au amekumbwa na upepo mbaya, akapelekwa kwa mganga. Sababu zipo nyingi na wengi hupona, lakini kwa kijana wa nchi zetu VVU ni moja ya sababu hizo, na huenda hiyo ndiyo dalili yake ya kwanza. La pili ni mkanda wa jeshi. Virusi vyake ni vilevile vya tetekuwanga. Mtoto hupona vipele, lakini virusi havitoki mwilini, hujificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na vinaweza kukaa humo miaka 20 au 40. Kinga ikishuka vinatoka vikifuata mshipa uleule, ndiyo maana malengelenge hukaa upande mmoja tu wa mwili na maumivu yake humnyima mtu usingizi. Mzee wa miaka 75 anaweza kuupata kwa sababu ya umri. Kijana wa miaka 28 akiupata, aende kupima VVU wiki hiyohiyo. Akikutwa navyo, dawa za kufubaza zipo na hutolewa bure. Hatuoni sababu ya kupoteza miezi kwa kupaka majani.

Howlett hakuishia kwenye virusi. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu walianza kupooza miguu ghafla, watoto na kina mama wengi wao. Kupooza kwa namna hiyo, wengi kwa pamoja, kungeweza kudhaniwa ni polio au virusi vipya. Yeye na wenzake, akiwamo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walikwenda na kuchunguza. Ikabainika ni konzo, ugonjwa unaotokana na sumu ya mihogo michungu iliyoliwa bila kulowekwa na kukaushwa kwa muda wa kutosha, kwa sababu njaa haikutoa nafasi ya kusubiri. Tunaitaja hapa kwa sababu moja. Watafiti hao hawakukimbilia kutoa jina. Walipima, wakauliza watu wanakula nini, wakapata jibu ambalo mama yeyote anaweza kulitumia jikoni kwake. Mwaka 2012 Howlett aliyakusanya mafunzo ya kazi hiyo ndefu katika kitabu kinachofundisha magonjwa ya mishipa ya fahamu barani Afrika, kikatolewa kupitia Chuo Kikuu cha Bergen na kuwekwa bure kwa kila mwanafunzi. Elimu ipo. Mlango uko wazi.

Kwa nini basi bado tunapapasa gizani? Sababu ya kwanza iko kwetu sisi familia. Daktari anaposema anataka kuchukua maji ya uti wa mgongo, ndugu hukusanyika nje ya wodi, wakanong'ona, wakarudi na jibu: hapana, akichomwa mgongoni atapooza, au atakufa. Tunaelewa hofu hiyo imetoka wapi. Watu wameona mgonjwa akichomwa jioni na kufariki asubuhi. Lakini mgonjwa yule alifikishwa hospitali siku ya saba, baada ya duka la dawa, maombi na mganga. Kilichomuua ni ugonjwa na ucheleweshaji, wala si sindano.

Hivi ndivyo kipimo kilivyo. Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yakakunjwa hadi karibu na kifua. Daktari husafisha ngozi ya kiuno na kuitia ganzi, kisha hupitisha sindano nyembamba kati ya pingili mbili za chini, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia. Matone machache hudondoka kwenye vichupa. Kwa mtu asiye na maambukizi maji hayo ni maangavu. Yakiwa na ukungu, bakteria wanashukiwa, na dawa huanza saa hiyohiyo. Yakiwa maangavu lakini chembe nyeupe zimeongezeka, virusi vinafikiriwa, na kirusi cha herpes, kile kinacholeta vidonda vya mdomoni, kikiingia kwenye ubongo kina dawa iitwayo asiklovia, mradi ianze mapema. Baada ya kipimo mgonjwa anaweza kuumwa kichwa siku moja au mbili. Wako wasiopaswa kuchomwa, kwa mfano walio na dalili kwamba shinikizo ndani ya fuvu limepanda, na daktari huwaangalia kwanza. Wengine wote ambao daktari amewaandikia wanahitaji kipimo hiki, na ndugu anayekikataa anamfungia mgonjwa wake njia ya kupona.

Sababu ya pili iko kwa Serikali na wenye hospitali. Kipimo cha vinasaba cha virusi kwenye maji hayo hakipatikani kwa wagonjwa wengi wa nchi hii, na mabingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache mno kwa taifa lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 61 mwaka 2022. Moshi ina chuo kikuu cha tiba, ina taasisi ya utafiti ya KCRI, ina maabara zilizokwisha kuzoea kazi ya viwango vya kimataifa. Mara nyingi mradi wa utafiti ukiisha, vipimo vyake navyo huondoka, mgonjwa wa kawaida asivione tena. Tunataka vipimo vilivyothibitika katika utafiti viingizwe kwenye huduma ya kila siku na kulipiwa na bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hapo ndipo mahali pa kuanzia.

Lakini kama tungeambiwa tuchague virusi vya aina moja tu vya kuanza kupambana navyo, tungechagua vya kichaa cha mbwa. Hakuna ugonjwa mwingine wa ubongo unaojulikana vizuri kiasi hiki, unaozuilika kwa uhakika kiasi hiki, na unaoendelea kuua kwa uzembe mtupu.

Mtoto anatoka shule akipita kwenye vichochoro vya vihamba, mashamba ya migomba ya nyumbani. Mbwa asiyemjua anatokea kwenye migomba, anamng'ata mguu na kutoweka. Jeraha ni dogo. Bibi analisafisha kidogo na kulifunga kitambaa, na baada ya wiki moja limepona. Ndani ya mguu, virusi vilivyotoka kwenye mate ya yule mbwa vimeingia kwenye mshipa wa fahamu na vinapanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Havipiti kwenye damu, kwa hiyo kwa muda mrefu mtoto hana homa, anakula, anacheza. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na aliyeng'atwa usoni au kichwani ana muda mfupi zaidi. Kisha jeraha lililopona linaanza kuwasha. Mtoto anakosa utulivu, anashtuka kwa upepo, akipewa maji koo linambana na anakisukuma kikombe kwa hofu. Kufikia hapo hakuna daktari duniani mwenye dawa ya kuaminika. Ameishia hapo.

Na ndipo tunaporudi kwenye jina tuliloanza nalo. Utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2007, ulichunguza watoto waliodhaniwa kuwa na maambukizi ya ubongo. Baadhi yao walikuwa na kichaa cha mbwa, na vifo vya watatu kati ya hao vilikuwa vimehesabiwa kwanza kuwa vya malaria ya ubongo. Hapa Tanzania, Sarah Cleaveland na wenzake walikokotoa mwaka 2002, kwa kufuata majeraha ya watu walioumwa na mbwa, kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kwa mwaka, idadi inayoweza kufika mara 100 ya ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Wengine hawakuhesabiwa, au walizikwa kwa majina mengine.

Haya yote yanazuilika. Jeraha likioshwa vizuri na chanjo ikianza mapema, virusi hukamatwa njiani kabla havijafika. Tatizo ni kuifikia hiyo chanjo. Zahanati ya kijiji haina, mgonjwa anaelekezwa kituo cha afya, kituo nacho kinamwelekeza hospitali. Nauli ya mtoto na ya mzazi, sindano ya kwanza, kurudi siku ya tatu, kurudi siku ya saba. Maganga Sambo wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kaya ya kijijini ingehitaji zaidi ya dola 100 za Marekani kukamilisha dozi. Mzazi anauza kuku, kisha mbuzi, kisha anakopa, na wengine wanaishia sindano ya kwanza kwa sababu jeraha limeshafunga na mtoto anaonekana mzima. Chanjo hii inapaswa kuwa bure kwa kila aliyeng'atwa. Ikidungwa ndani ya ngozi badala ya kwenye msuli, kama Shirika la Afya Duniani linavyoruhusu, kichupa kimoja huhudumia watu zaidi ya mmoja. Fedha si kisingizio.

Na njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumchanja mbwa. Mbwa ndiye chanzo cha takriban asilimia 99 ya vifo vya binadamu kwa ugonjwa huu. Kazi ya Katie Hampson na wenzake huko Serengeti na Ngorongoro, iliyochapishwa mwaka 2009, ilionyesha kwamba kwa wastani mbwa mwenye kichaa haambukizi hata mbwa wawili. Ugonjwa unaoenea kwa unyonge namna hiyo unakatika ukichanja mbwa 7 kati ya 10 na kurudia kila mwaka. Watafiti wengine wa Serengeti walithibitisha kwamba hata pale penye fisi na mbweha tele, wanaoutunza ugonjwa ni mbwa wa majumbani.

Pemba ni ushahidi tosha. Kisiwa kilichanja mbwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukaisha. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje. Wakarudi kuchanja kijiji kwa kijiji, na mwaka 2018 ukaisha tena. Kennedy Lushasi wa Ifakara na wenzake waliufuatilia kwa kuhoji walioumwa na kusoma vinasaba vya virusi, wakachapisha habari hiyo mwaka 2023. Kilimanjaro si kisiwa, tunalijua hilo. Ila mbwa wa kihamba ana mwenyewe. Anafungwa mchana, anafunguliwa usiku, mtoto wa nyumba anamjua kwa jina na anaweza kumleta kwa kamba hadi uwanja wa shule. Hatuna sababu ya kushindwa kufikisha saba kwa kumi.

Halmashauri za Moshi, Hai, Siha, Rombo na Mwanga zipange siku moja ya chanjo, zote kwa pamoja, kwa sababu mbwa hajui mpaka wa wilaya. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inafaa sana: mvua za vuli hazijaanza, na Desemba, watoto wa Dar es Salaam na Mwanza watakapopanda nyumbani kwa sikukuu na kucheza na mbwa wasiowajua, kinga itakuwa imeshajengeka. Matangazo yatolewe kanisani, msikitini na sokoni wiki mbili kabla. Watoto wa mbwa nao waletwe, hata wa mwezi mmoja. Na zoezi la kuua mbwa kwa risasi na sumu likome. Halijawahi kumaliza kichaa popote. Huondoa mbwa waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao hujazwa na wageni.

Kwa madaktari na wauguzi tuna ombi lisilogharimu hata shilingi. Kila mgonjwa anayeingia akiwa ameparaganyika akili, kabla ya kuandika malaria, ndugu zake waulizwe: ameng'atwa na mbwa, au na mnyama yeyote, katika miezi iliyopita? Jibu liandikwe kwenye faili. Likiwa ndiyo, daktari wa mifugo wa wilaya apigiwe simu siku hiyohiyo, kwa sababu huko kijijini huenda wapo wengine waliong'atwa na mbwa yuleyule, ambao bado wana muda wa kuokolewa.

Nchi hii ilishafanya kazi ngumu kuliko hii. Polio, virusi vingine vya mishipa ya fahamu, haijapata mgonjwa wa kirusi cha asili hapa Tanzania tangu mwaka 1996, na mwaka 2015 tulithibitishwa rasmi. Malawi ilipotangaza mgonjwa Lilongwe mwaka 2022, wahudumu wetu walipita nyumba kwa nyumba na matone. Hakuna aliyesema hakuna bajeti. Serikali imeahidi pamoja na dunia kwamba ifikapo 2030 hakutakuwa na mtu anayekufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Miaka iliyobaki ni michache, na bajeti za halmashauri ndizo zitakazotuambia kama ahadi hiyo ni ya kweli.

Na wewe msomaji, mtoto wako aking'atwa leo, usingoje kikao. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usilifunge, usilipake chochote cha kienyeji, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama alama ya jino haionekani vizuri. Na sindano zote azimalize.